Saa Sabini na Mbili za Nje

Jumatatu, 10 Juni

Habari mbaya. Daktari Msimamizi ametukusanya asubuhi, wakurufunzi wote wa tiba ya familia, yaani mimi na Saa Mia. Ametukumbusha kwamba hakuna cheti bila saa sabini na mbili za nje. Saa za nje ni zamu za baada ya kazi: jioni, Jumamosi, Jumapili, wakati watu wenye akili wamejinyoosha makwao. Mwisho wa kukabidhi ni Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 21. Akafungua daftari langu la saa. Akalifunga. Akalifungua tena, nadhani alidhani kurasa zimegandana.

Ninazo ishirini na mbili. Zimebaki hamsini. Siku kumi na moja!

Bila cheti sipati ile nafasi niliyoahidiwa kwenye kituo cha afya cha mtaani kwetu, dakika nne kwa miguu kutoka kitandani kwangu. Nafasi inasubiri cheti, cheti kinasubiri saa, na saa zinanisubiri mimi. Halafu Jumatano anakuja mama mkwe. Siku ile nilipokwenda kujitambulisha kwao nilisema mimi ni mkufunzi wa madaktari. Sikudanganya. Mimi ni mkurufunzi, silabi moja ilidondoka kwa woga. Tangu alipogundua, ananiita Daktari Nusu, tena mbele ya watu, na kila akipiga simu huanza kwa kuuliza kama ile nusu nyingine imepatikana.

Saa Mia yeye ana tisini na sita. Zinatakiwa sabini na mbili! Ndiyo maana nikambatiza jina hilo. Ana ujauzito wa miezi saba, anasema anamaliza mambo yake kabla ya likizo ya uzazi. Mimi naona ni kujionyesha tu. Leo amemenya ndizi mbele yangu taratibu, huku akinipa pole.

Kesho naanza kwa kasi. Nalala mapema ili nipange vizuri.

Jumanne, 11 Juni

Wazo limekuja nikipiga mswaki. Hakuna mahali popote katika mwongozo palipoandikwa nje ya nini! Nimeusoma mara mbili, kurasa zote nne. "Saa za nje." Basi, imeishia hapo.

Saa nane mchana nikachukua kiti, mashine ya presha na kalamu, nikatoka nje. Nje kabisa, chini ya dirisha la stoo, jua linanipiga utosini. Nikampima presha mlinzi wa geti. Nikampima mara nne, na kila mara ikawa imepanda kidogo, mpaka akaniuliza kama ni vizuri awapigie watoto simu awaage. Nikampima na fundi bomba aliyekuja kutengeneza sinki. Jumla saa mbili na nusu. Nikaandika kwenye daftari kwa mwandiko wangu mzuri.

Daktari Msimamizi akasoma kimya. Ana kalamu ya kijani isiyo na haraka. Akasema nje hiyo ni ya saa, si ya mlango. Akachora mstari. Kisha akauliza wale wagonjwa kumi na mmoja waliokuwa wakinisubiri ndani ningependa waandikwe kwenye saa zipi.

Kumbe Saa Mia ndiye aliyewaona. Wote kumi na mmoja, na tumbo lake lile. Bado hamsini.

Jumatano, 12 Juni

Mama mkwe ameingia. Saa kumi na nne ndani ya basi na hakushuka hata mara moja kunyoosha miguu, aliogopa kunyang'anywa kiti cha dirishani. Ameshuka na mabegi mawili, mwavuli na swali. Nusu imepatikana? Nikamjibu iko njiani. Akasema hata yeye alikuwa njiani, na amefika.

Jioni akalalamika kwamba goti la kushoto linamvuta na mguu mzima ni mzito. Mke wangu akanikonyeza nimtazame. Nikasema ni uchovu wa safari, apake dawa ya kuchua. Nilisema hivyo nikiwa kwenye kochi, bila kugeuza shingo, maana nilikuwa nimo katikati ya hesabu. Hamsini gawanya kwa siku tisa ni saa tano na nusu kila jioni. Haiwezekani! Mtu atakula saa ngapi?

Nikampigia simu Saa Mia nimwombe anigawie zile ishirini na nne zilizozidi. Hazimsaidii kitu! Nikamwambia akiba isiyoliwa huoza. Akasema saa si chumvi, mtu hagongi mlango wa jirani na kikombe. Akakata simu. Ama kweli, hasidi hana sababu.

Alhamisi, 13 Juni

Siku kubwa kuliko siku ya harusi yangu. (Mke wangu asisome hapa.)

Karani wa masijala ameleta mfumo mpya wa kompyuta. Madaftari ya karatasi sasa basi. Zile ishirini na mbili za zamani kaziingiza mwenyewe. Zilizobaki, kila mkurufunzi aingize saa zote alizofanya kazi, za ndani na za nje, na mashine itazichambua. Kuna visanduku viwili tu: kuanza, kumaliza. Nikaingiza kazi yangu ya jana ya kawaida, kama ninavyoisema tangu nijue kusema. Kuanza 2:00. Kumaliza 10:00. Nikabonyeza.

Mashine ikaandika: saa za nje, sita.

Nikadhani nimekosea. Nikaingiza ya juzi. Sita! Nikaegemea kiti nikafikiri mpaka nikaelewa. Binadamu anaanza kuhesabu saa jua likichomoza. Mashine inaanza kuhesabu usiku wa manane. Mimi nikisema saa mbili, ya asubuhi, yenyewe inaelewa saa nane ya usiku. Kwa hiyo inaamini niliamka saa nane usiku, nikatibu watu mpaka kulipokucha, na zile saa sita za kabla ya kituo kufunguliwa ikanizawadia zote.

Je, nimedanganya? Sijadanganya. Nimeandika saa mbili na ilikuwa saa mbili. Kama mashine haijui Kiswahili, lawama ni za walioilea.

Nikamaliza wiki hii, pamoja na siku ya leo ambayo hata haijaisha. Nikaingiza wiki iliyopita. Kufikia saa tano nilikuwa na sabini na sita, nimevuka mstari bila kutoa jasho. Hapo mtu mwenye busara angesimama. Lakini kwenye kioo cha mashine kila mtu anaona saa za mwenzake, na juu kabisa lilikaa jina la Saa Mia na tisini na sita zake. Nikaingiza na wiki ya mwisho ya Mei.

Mia moja na sita!

Ijumaa, 14 Juni

Leo nimetembea kwenye korido mikono ikiwa nyuma. Saa Mia akatazama kioo, akanitazama mimi, akatazama kioo. Akanipongeza. Kisha akauliza kwa upole, kama kituo hufungwa saa nne usiku, nani hunifungulia mlango saa nane. Nikamwambia daktari wa kweli hangoji mlango. Lilikuwa jibu zuri, ila baadaye lilinikosesha raha kidogo.

Nyumbani nikatangaza. Mke wangu akauliza saa hizo nilizifanya usiku upi, maana yeye kila usiku anamsukuma mtu anayekoroma na angependa kumjua. Mama mkwe akacheka mpaka akaushika mguu. Nikasema haya ni mambo ya kitaalamu.

Halafu pigo. Daktari Msimamizi kapiga simu. Kumbe saa peke yake hazitoshi! Kila mkurufunzi lazima afanye zamu moja ya jioni huku akiangaliwa, na mwangalizi aandike ripoti. Yangu ni kesho Jumamosi, saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku. Mwangalizi ni Sista wa zamu. Sista huyu amefanya kazi pale miaka ishirini na sita, ndiye aliyemfundisha Daktari Msimamizi kufunga bandeji, na kitu pekee alichowahi kukisifia ni friji ya chanjo.

Nahitaji mgonjwa mzuri. Mwepesi, mwenye adabu, anayejua majibu. Nimemtazama mama mkwe akijichua goti. Naye akanitazama. Akasema hapana kabla sijafungua mdomo.

Jumamosi, 15 Juni

Amekubali! Masharti mawili. Nitengeneze mlango wa kabati unaolia, na nisimwambie tena mtu yeyote kwamba mimi ni mkufunzi. La kabati ndilo lililonisumbua zaidi.

Mpango ni huu. Saa moja na robo anaingia, mgeni kabisa, hatujuani. Analalamikia goti. Nauliza maswali matano ya maana. Namwambia ni goti la umri, nampa mazoezi, ananishukuru kwa sauti, anaondoka. Sista anaandika "hodari". Tumefanya mazoezi jikoni mara tatu. Mama mkwe ana kipaji, tena kimezidi kipimo. Mara ya tatu alilia machozi. Nikamwomba apunguze. Akasema nimemwita kuumwa na sasa namfundisha kuumwa.

Mke wangu amesema hataki kusikia. Amefunga mlango wa chumbani, nao sasa unalia kama ule wa kabati.

Jumapili, 16 Juni

Jana sikuweza kuandika. Naandika sasa, kwa utaratibu.

Zamu ilianza vizuri. Mtoto mwenye sikio, mzee mwenye kikohozi, simu tatu za watu waliotaka kujua kama waje au wasije. Sista amekaa kwenye kona na karatasi zake, hasemi. Saa moja na robo mama mkwe akaingia. Kajitanda mtandio mpaka kidevuni, na kavaa miwani ya jua. Saa moja na robo usiku! Akanisalimia kwa kuniita Daktari Bingwa, jambo ambalo halikuwemo. Akaanza kulieleza goti kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Nikaanza maswali yangu. La nne alilijibu kabla sijauliza la tatu. Sista akaacha kuandika.

Nikasema sasa naomba niuone mguu. Kumshika mama mkwe mguu! Hilo peke yake linastahili saa kumi. Nilikuwa nimekusudia kuligusa goti kwa vidole viwili huku nikitazama kalenda ukutani. Lakini gauni lilipopanda kidogo nikaona miguu miwili isiyofanana. Wa kushoto umejaa kuanzia chini ya goti, ngozi inang'aa. Nikagusa. Wa moto. Nikaminya kidogo kwa nyuma, mama mkwe akaruka, na kule kuruka hatukukufanyia mazoezi.

Nikamwomba Sista futi ya kupimia. Kulia, sentimita thelathini na sita. Kushoto, arobaini na moja.

Niliogopa. Naandika hivyo hivyo. Saa kumi na nne kwenye basi, siku tatu za kulalamika, na mimi nikamjibu kutoka kwenye kochi. Damu ikiganda kwenye mshipa wa mguu haikai pale ikikungoja. Kipande kikimeguka kinapanda mpaka kwenye mapafu, na mtu anaondoka huku anaongea. Nikamwuliza kama kifua kinauma, kama pumzi zinakatika. Akasema hapana, kisha akaninong'oneza kwa hasira, "Mkwe, hayo siyo tuliyopanga! Sema goti!"

Nikasema, "Mama, achana na goti."

Nilimwita mama. Mbele ya Sista. Sikujali.

Nikaita gari la wagonjwa. Nikaipigia hospitali mwenyewe, nikawaambia anayekuja ni nani, nimeona nini, vipimo vyote viwili, bila kujisifu hata neno moja. Sista akamdunga sindano niliyoandika ya kuzuia damu isizidi kuganda. Hata alipolazwa kwenye machela mama mkwe alidhani bado tunaigiza, akaniambia sasa nimezidisha. Kisha akavua ile miwani akaniangalia usoni. Akanishika mkono na hakuuachia mpaka mlango wa gari ulipotaka kufungwa.

Mke wangu, niliyempigia simu akaja mbio, ndiye aliyekwenda naye. Mimi nilibaki, kwa sababu zamu ilikuwa haijaisha na kulikuwa na watu sita kwenye benchi. Niliwaona wote sita. Sikumbuki hata nilikaa saa ngapi.

Leo mchana hospitali imethibitisha. Damu imeganda mguuni, haijafika kwenye mapafu, dawa zimeanza. Daktari wa wodi akasema kama angeendelea kujichua wiki moja nyingine, nikamwomba asimalizie. Nikakaa kando ya kitanda. Nikamwambia mama mkwe ukweli, kwamba Jumatano ile nilipaswa kusimama nikautazame mguu. Akasema anajua, aliiona shingo yangu haikugeuka. Halafu akasema kuanzia leo mimi ni Daktari Robo Tatu. Nikatoka kwenye korido nikalia, kama dakika mbili hivi, nikarudi nikasema ni vumbi.

Jioni nikaziingiza saa zangu nne kwenye mashine. Saa nne za kweli, za jasho! Kuanza 12:00. Kumaliza 4:00. Mashine imezikataa. Imesema muda wa kumaliza hauwezi kutangulia muda wa kuanza. Nimejaribu mara saba.

Jumatatu, 17 Juni

Dhuluma! Saa nilizokuwa nimelala imezipokea kwa mikono miwili, hizi nilizosimama inazitema. Haki iko wapi? Mke wangu akanishauri ninyamaze, kwa kuwa nilizonazo zinatosha na kubaki. Nikamwambia hizi nne ni zangu kuliko zile zote. Nilisema kweli, na ndipo nilipojiponza.

Nikaingia masijala kifua mbele. Karani ni mama mpole, anavaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Akanielewesha bila haraka. Mashine haifuati jua. Saa kumi na mbili jioni iandikwe 18:00, na saa nne usiku 22:00. Wala si kazi, akasema, ni kukumbuka tofauti ya saa sita tu. Kwa mfano saa mbili asubuhi iandikwe 08:00.

Hapo akaigeukia mashine. Akashusha ile miwani ya kichwani.

Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema nzuri, huku akiteremka kwenye orodha. Siku kumi na nne mfululizo za kazi, zote kuanzia saa nane usiku. Alipofika Jumanne ya tarehe 4 akaanza kutikisika mabega. Siku hiyo, kwa mujibu wa mashine, saa nane na nusu usiku nilifanya kliniki ya chanjo, watoto thelathini na mmoja. Akaniuliza walikuja na nani.

Mdomo uliponza kichwa. Na nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu.

Jumanne, 18 Juni

Ofisini kwa Daktari Msimamizi. Karatasi mbili mezani, orodha ya mashine na ripoti ya Sista.

Nikajitetea kwamba Kiswahili ndiyo lugha niliyonyonya, na mtu haadhibiwi kwa kuhesabu saa kama mama yake. Akasema siku ya kwanza kosa lilikuwa la mashine. Kuanzia siku ya pili likawa langu. Kalamu ya kijani ikapita juu ya saa themanini na nne, moja kwa moja, bila hata kunyanyuliwa.

Kisha akanisomea ripoti. Aya ya kwanza inasema mkurufunzi alimleta mama mkwe wake mwenyewe amevaa miwani ya jua, na maigizo yalikuwa mabaya sana. Aya ya pili inasema alipouona mguu aliacha upuuzi, akapima, akaogopa inavyostahili, akaita msaada kwa wakati, kisha akabaki akaona wagonjwa sita. Aya ya tatu ina mstari mmoja: "Huyu akisahau kupanga, ni daktari."

Nikaomba nakala ya aya ya pili peke yake. Amekataa.

Hukumu. Zile nne zimehesabiwa. Sasa ninazo ishirini na sita, zimebaki arobaini na sita. Nimeongezewa muda mpaka Jumapili, 14 Julai. Kituo cha mtaani nao wamekubali kunishikia nafasi mpaka tarehe hiyo, ikipita wanampa mwingine. Zamu zote nitazifanya chini ya Saa Mia mpaka atakapokwenda likizo, na yeye ndiye atakayesaini. Saa Mia! Na Ijumaa nipeleke tafakari ya ukurasa mmoja yenye kichwa "Uaminifu na mipaka yangu". Kwa maneno yangu mwenyewe. Hilo alilisema mara mbili. Akasema pia kwamba akiona ujanja mwingine hata wa ukubwa wa punje, hakutakuwa na Julai.

Nimeelewa kabisa. Mtu mzima haambiwi mara tatu.

Alhamisi, 20 Juni

Jana jioni zamu ya kwanza chini ya Saa Mia. Saa nne, zimebaki arobaini na mbili. Lazima nikiri, si mtu mbaya. Alikaa kwenye kiti, miguu juu ya boksi la glavu, akaniachia wagonjwa wote na kila nilipokwama akanipa neno moja tu. Nikamuuliza kwa nini alijikusanyia saa zote zile. Akasema alikuwa akiogopa mtoto akiwahi, abaki na deni la zamu na mtoto mchanga mgongoni. Kidogo nilionee aibu lile jina nililombatiza. Kidogo.

Mama mkwe ametoka hospitali leo. Amevalishwa soksi ndefu ya kubana, anamwonyesha kila anayeingia, na kila anayeingia anaambiwa mkwe wake ndiye aliyeukamata ugonjwa kwa macho tu. Hasemi habari za miwani. Nami sisemi. Mlango wa kabati nimeutengeneza, sasa haufungi lakini haulii.

Usiku nimeanza tafakari. Nimeandika "Mimi". Nimefuta. Nimeandika "Sisi". Kazi ngumu! Nimemwomba Saa Mia nione ya kwake, aliwahi kuandika yenye kichwa hicho hicho na Daktari Msimamizi akaisifu. Amenitumia. Amesisitiza niangalie mpangilio tu.

Ijumaa, 21 Juni

Nimeamka na akili nyepesi. Tafakari ya Saa Mia ni ukurasa mmoja kamili, aya zimekaa sawa, koma mahali pake. Nikasoma mistari miwili ya mwanzo. Inasema uaminifu ni kukubali kwamba umechoka. Na mimi nimechoka! Ni yale yale niliyotaka kusema, yeye kawahi tu. Ukweli hauna mwenyewe. Sikuona haja ya kuendelea kusoma ninachokijua. Nikabadilisha jina juu, nikabadilisha tarehe, nikaituma saa nne kasorobo. Za asubuhi, ndiyo.

Huu si ujanja. Ujanja ungekuwa kubadilisha na koma.

Saa sita Daktari Msimamizi akaniletea ujumbe kwenye simu. Ameisoma tafakari yangu mpaka mwisho. Imemgusa kuliko alivyotegemea, na kuna mambo hakuyajua kabisa. Kisha akauliza: "Unatarajia kujifungua lini?"

Jamani! Miaka miwili namwogopa mama huyu, kumbe ana lugha ya mafumbo! Kujifungua! Na kweli nimefungwa, saa arobaini na mbili zimenifunga mikono na miguu. Sikutaka aone mimi ni mtu wa maneno makavu. Nikamjibu kwa lugha yake: "Tarehe 14 Julai, panapo majaliwa. Mzigo ni mzito na usiku silali vizuri, lakini nitasukuma mpaka mwisho."

Jibu lake lilichukua karibu nusu saa. Nadhani aliguswa tena. Kisha akaniandikia niende ofisini kwake Jumatatu, saa mbili. Ya asubuhi, ameongeza.

Mama mkwe ameniuliza ile robo iliyobaki itapatikana lini. Nimemwambia Jumatatu. Nitavaa tai.